Kabla Nguo Haijaingia Majini

Katika duka la Dobi kulikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna mteja aliyevikwepa: mvuke wa pasi na daftari. Pasi ilikuwa kazi ya Dobi mwenyewe. Daftari lilikuwa kazi ya binti yake, ambaye mwandiko wake ulisomeka hata kwa mtu aliyesahau miwani nyumbani.

Utaratibu ulikuwa mmoja kwa wote. Mteja aliweka nguo mezani. Binti aliikunjua, akaitazama mbele na nyuma, kisha akaandika namba, tarehe, aina ya nguo na kasoro zake: kifungo kilichokatika, mfuko uliochanika, doa la chai. Mteja alitia sahihi mwishoni mwa mstari. Dobi alishona namba ile ile kwa uzi mwekundu ndani ya ukosi. Hapo ndipo nguo iliporuhusiwa kuingia majini. Utaratibu huo ulianza siku mteja mmoja alipodai kwamba Dobi ndiye aliyetoboa suruali yake.

"Dobi, mbona unaandika nguo zetu kama mahabusu?" Kinyozi wa duka la jirani alipenda kumtania.

"Zako zinakuja na nywele za watu sita," Dobi alijibu. "Lazima nijue nani kaingia nazo."

Ng'ambo ya barabara alifanya kazi mdogo wake Dobi. Alikuwa fundi baiskeli, mrefu na mwembamba, na watu walimwita Spoki. Kazini alivaa koti moja zito lililoshiba grisi. Kila wiki alilileta, na kila wiki ndugu hao wawili walibishana.

"Hilo haliingii beseni moja na nguo za watu," alisema Dobi. "Grisi inahama."

"Lifue peke yake, kaka. Lipe heshima yake."

"Weka kule pembeni. Nitalifua nikimaliza za wastaarabu."

Spoki alicheka, akaliweka pembeni. Kesho yake alikuja kulichukua kama lilivyo, kwa sababu kazi ilikuwa inamsubiri.

*

Siku moja ya Ijumaa, saa kumi jioni, watu watatu walivamia duka la simu mtaa wa pili. Askari walifika haraka. Wavamizi wakatawanyika. Wakati huo Spoki alikuwa akiijaribu baiskeli ya mteja, pampu ikiwa mkononi. Aliposikia mlio wa bunduki aliiacha baiskeli na kukimbia. Mlio wa pili ulimwangusha kando ya ukuta wa shule. Alifariki kabla ya kufika hospitali.

Watu walioona tukio walikubaliana juu ya mambo hayo. Jambo moja hawakukubaliana. Wengine walisema Spoki aliwageukia askari na kunyoosha mkono. Wengine walisema aliwapa mgongo tangu mwanzo hadi mwisho.

Redio ilitangaza kabla ya magharibi: jambazi mmoja ameuawa baada ya kuwaelekezea askari kitu kilichofanana na bastola.

Mama mzazi wa Dobi na Spoki, ambaye familia nzima ilimwita Bibi, aliisikia habari hiyo kutoka redio za majirani watatu kwa wakati mmoja. Hakupiga kelele.

"Naomba mambo mawili tu," alimwambia Dobi. "Nimzike mwanangu. Na nisimzike kwa jina la jambazi."

Mhudumu wa hospitali alimpa Dobi mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na nguo za marehemu.

"Nguo zake zisikae hivyo," alisema Bibi. "Wewe ndiye unayejua kazi hiyo."

*

Jumamosi asubuhi Dobi alifungua nusu ya mlango wa duka. Binti alimfuata. Hakuna aliyemwita; alikaa mahali pake nyuma ya meza na kushika kalamu yake ya wino, kama alivyofanya kila siku.

Dobi alitoa shati la buluu kwenye mfuko. Alilikunjua mezani.

"Baba, niandike?"

"Kila nguo huandikwa."

Binti aliandika: *417. Shati la buluu, la baba mdogo. Vifungo vyote vipo. Damu nyingi. Tundu moja mgongoni, chini ya bega la kulia. Mbele hakuna tundu.* Kisha akaandika: *418. Koti la kazi, la baba mdogo. Grisi, damu. Tundu moja mgongoni, mahali pale pale.* Mahali pa sahihi Dobi aliandika jina lake mwenyewe.

Koti alilirudisha mfukoni, akaliweka pembeni. Grisi haichanganywi. Shati alilichukua nyuma kwenye mabeseni. Maji baridi, si ya moto, kwa sababu maji ya moto huigandisha damu kwenye uzi. Chumvi kidogo. Sabuni ya kipande. Alibadilisha maji mara saba.

Dobi alipokuwa bado kwenye maji ya kwanza, mteja mmoja aliingia na furushi la sare. Alikuwa Sajini wa polisi, mteja wa miaka mitano. Hakujua.

"Habari za asubuhi, binti. Mzee yuko wapi?"

"Anafua."

"Mbona mlango nusu?"

Binti alinyoosha kidole kuelekea karakana ya baiskeli ng'ambo ya barabara. Ilikuwa imefungwa. Sajini aliitazama, akamtazama Binti, kisha akavua kofia.

"Yule wa jana ni wenu?"

"Baba mdogo."

Sajini alikusanya furushi lake. "Nitarudi siku nyingine. Samahani sana."

"Nimeshaanza kuandika," alisema Binti. "Suruali mbili, mashati mawili. Namba 419. Tia sahihi."

Alitia sahihi. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na kiganja chake kiliburura wino wa mstari wa juu. Neno *pale* likageuka wingu.

"Nimekuchafulia," alisema. Alisoma alichokichafua. Akasoma na mstari uliokuwa juu yake. Halafu akavaa kofia na kutoka bila kusubiri kujibiwa.

*

Saa nne alifika Karani. Aliishi nyumba ya tatu kutoka kwa Bibi, na kabla ya kustaafu alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa amekuja kutoa pole. Pole yenyewe iliishia mdomoni alipoliona shati la buluu likidondosha maji kwenye waya.

"Hilo ni la marehemu?"

"Ndilo, dada," alisema Dobi. "Tazama. Hata alama haikubaki."

"Naona. Hilo ndilo tatizo."

Dobi hakuelewa. Karani alivuta kigoda, akakaa, akasema polepole.

"Mtu akifa kwa risasi, nguo yake ni shahidi. Ukingo wa tundu hubeba masizi ya baruti na nyuzi zilizoungua. Mtaalamu akiuchunguza anaweza kujua risasi iliingia upande gani, na pengine bunduki ilikuwa karibu au mbali. Wewe umeyaosha hayo yote."

Dobi alikaa chini, juu ya rundo la mashuka ya mtu.

"Mimi ni dobi, dada. Nikiletewa damu, naitoa."

"Sikulaumu. Mwingine angezichoma kwa uchungu. Hata hospitali haikupaswa kukukabidhi wewe. Sasa niambie, kuna nguo nyingine?"

"Kuna koti," alisema Binti. "Baba hajaligusa. Lina grisi."

"Liko wapi?"

"Pembeni. Kwenye plastiki."

"Lisikae kwenye plastiki. Unyevu ukifungiwa, nguo huota ukungu, na ushahidi huharibika. Mna karatasi za kaki?"

Walikuwa nazo. Ndizo walizofungia suti za wateja. Karani aliwaelekeza wavae glavu, walitandaze koti juu ya karatasi safi, kivulini, bila kulikung'uta wala kulipangusa. Likikauka wangelifunga kwa karatasi hiyo hiyo, peke yake. Shati nalo lingefungwa peke yake, hata kama limeoshwa.

"Na msifiche kwamba limeoshwa," aliongeza. "Semeni kabla hamjaulizwa."

"Tumpe nani?" Dobi aliuliza. "Polisi?"

"Si askari yeyote atakayepita hapa. Hapa kwetu ipo ofisi inayochunguza malalamiko dhidi ya polisi. Penginepo watu huanzia kwa hakimu au mwanasheria. Popote utakapozipeleka, usiondoke bila karatasi yenye sahihi inayosema umekabidhi nini, kwa nani, saa ngapi."

"Na mazishi? Mama anataka tuzike kesho."

"Mwambie asubiri siku mbili. Daktari aupime mwili kwanza na kuandika ripoti. Familia ina haki ya kuomba daktari inayemwamini awepo. Na leo hii, kabla jua halijazama, andikeni majina ya watu waliokuwa karibu na ule ukuta. Wote. Hata wanaosema alinyoosha mkono."

"Hao wa nini?" Binti aliuliza kwa hasira. "Hao wanasema uongo, shangazi."

"Hujui hilo. Na mimi sijui. Kama unataka ukweli, huwezi kuuchagulia mashahidi."

Bibi alikubali kusubiri siku mbili. Alisema kwamba kwa jina la mwanawe angesubiri hata mwezi. Jumatatu Dobi alizikabidhi nguo kwenye ofisi ile ya malalamiko, akarudi na karatasi yenye sahihi.

*

Wiki moja baada ya mazishi, mtaa ulikuwa bado unabishana. Mahali pa kubishania palikuwa kwa Kinyozi, kwa sababu palikuwa na viti. Siku hiyo Dobi alikuwa amekaa kwenye benchi. Karani alikuwa amesimama mlangoni. Kinyozi alikuwa akimnyoa Sajini.

"Sisemi Spoki alikuwa mwizi," alisema Kinyozi. "Nilimjua. Lakini askari naye ana mama. Mwezi wa pili walinivamia hapa hapa. Waliniwekea kisu shingoni, mimi ninayewawekea watu wembe shingoni maisha yangu yote! Siku ile askari angetokea akapiga tu, ningempigia makofi."

"Ungekuwa na haki," alisema Karani. "Kisu kilikuwa shingoni mwako. Sasa chukulia mtu yule amekitupa kisu, anakimbia. Ungepiga makofi?"

"Siku ile? Ningepiga." Kinyozi aliusimamisha wembe. "Leo sijui."

"Usisimamishe wembe hapo," alisema Sajini. Watu walicheka kidogo, na yeye akaendelea: "Mnazungumza kana kwamba tunapewa saa nzima ya kufikiri. Mtu anageuka, ana kitu cheusi mkononi. Una sekunde moja. Ukikosea, watoto wako wanalelewa na mjomba."

"Ndiyo maana kanuni iliandikwa kabla ya sekunde hiyo," alisema Karani. "Wewe uliisomea. Tusaidie."

Sajini alitazama kioo. Watu wote waliokuwamo walikuwa wakimtazama ndani ya kioo hicho.

"Bunduki ni hatua ya mwisho," alisema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka darasa. "Unajitambulisha. Unaonya, kama onyo halitaleta madhara makubwa zaidi. Unapiga tu pale ambapo maisha ya mtu yamo hatarini wakati huo huo, na huna njia nyingine. Ukishapiga, unamsaidia majeruhi. Kisha unaandika taarifa."

"Na mtu anayekimbia?" Dobi aliuliza.

"Kukimbia peke yake si sababu."

"Hata akiwa mwizi?"

"Hata akiwa mwizi. Wizi una mahakama yake."

Kinyozi aliendelea na kazi yake.

"Ulikuwepo siku ile?" Dobi aliuliza tena.

"Sikuwepo. Na ningekuwepo, sijui ningefanya nini. Huo ndio ukweli wangu, Dobi. Sina mwingine."

*

Baada ya miezi mitatu, hakimu alifungua uchunguzi wa kifo hicho. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo. Bibi alikaa mbele, mikono juu ya mapaja.

Daktari alisoma ripoti yake: risasi iliingia mgongoni. Mtaalamu aliyechunguza koti alisema vivyo hivyo. Wakili wa askari alisimama. Alikuwa mtu mpole na makini.

"Nguo hizi zilikaa mikononi mwa familia," alisema. "Shati limeoshwa, nao wamekiri. Tundu la shati linaweza kutobolewa siku yoyote. Mtu aliyeweza kuliosha shati angeweza pia kulibadilisha koti. Mahakama itajuaje kwamba hivi ndivyo nguo zilivyotoka hospitali?"

Dobi aliinamisha kichwa. Maji saba aliyoyabadilisha yalikuwa yamerudi kumdai.

Mwanasheria wa familia aliweka daftari mezani. Akafungua ukurasa na kusoma mistari miwili, wa 417 na wa 418.

"Daftari ni la familia," alisema wakili. "Mstari huongezwa."

Hakimu alivuta daftari karibu. Alilitazama kwa muda.

"Mstari wa 419 ni wa nani?"

"Ni wa mteja," alijibu Binti kutoka benchi lake. Alipokumbuka kwamba hakuruhusiwa kusema, alishika mdomo.

"Mteja gani?"

Binti alimtazama Karani. Karani alitikisa kichwa kukubali.

"Sajini wa polisi, mheshimiwa."

Aliitwa mchana ule ule. Alikuja na sare iliyopigwa pasi na Dobi. Wenzake wanne walikuwa wamekaa benchi la nyuma. Alipopita mbele yao hakuna aliyemsalimu.

"Sahihi hii ni yako?" hakimu aliuliza.

"Ni yangu."

"Uliiweka lini?"

"Jumamosi, siku moja baada ya tukio. Yapata saa tatu asubuhi."

"Mistari hii miwili iliyo juu ya wako ilikuwepo?"

Sajini aliutazama ukurasa. Wakili aliinua kalamu. Kwenye benchi la nyuma mtu alikohoa, kikohozi kisicho na mafua.

"Ilikuwepo," alisema. "Niliisoma. Wino ulikuwa mbichi. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto, nikauburura. Neno la mwisho limefutika. Ni mkono wangu."

Hakimu alilisogeza daftari dirishani, kwenye mwanga. Alitazama wingu dogo la wino, na alama yake iliyoshuka hadi kwenye sahihi ya 419.

"Kaa chini, Sajini. Asante."

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki mbili. Marehemu alipigwa risasi kwa nyuma, akikimbia. Alichokishika kilikuwa pampu ya baiskeli. Hapakuwa na ushahidi wowote kwamba alishiriki uvamizi ule. Hakimu aliagiza jalada lipelekwe kwa mwendesha mashtaka, ili aamue kama askari aliyepiga ashtakiwe. Pia aliagiza tangazo la kwanza lisahihishwe.

Mashtaka yalifunguliwa. Kesi hiyo ilikuwa na siku zake na mashahidi wake, na askari yule naye alipewa nafasi ya kujitetea, kama sheria inavyotaka kwa kila mtu.

Redio ilisoma masahihisho jioni moja, baada ya habari za michezo. Sentensi zilikuwa mbili. Bibi alikuwa amekaa uani pamoja na majirani.

"Ongezeni sauti," alisema. "Siku ile mliongeza."

Waliongeza.

*

Sajini alihamishiwa ulinzi wa ghala kwa miezi minne. Hakuna aliyemwambia sababu, naye hakuuliza. Kisha akarudishwa doria. Wiki ya kwanza ya doria alileta furushi dukani. Binti alilikunjua. Shati moja lilikuwa na damu kifuani na kwenye mikono.

Dobi alitoka nyuma, akifuta mapovu kwenye viganja.

"Hii damu ya nani?"

"Kijana mmoja. Kulikuwa na vurugu sokoni, akachomwa kisu. Nilimbeba hadi kwenye gari. Yuko hai." Sajini alijikuna shingo. "Nilitaka lifuliwe mapema. Wewe mwenyewe husema damu haipendi kusubiri."

"Nilikuwa nikisema. Mpelelezi amelitazama?"

"Bado."

"Umeandika taarifa?"

"Bado, Dobi. Nimetoka kazini sasa hivi."

Dobi alichukua karatasi ya kaki. Alilifunga shati peke yake, akalisukuma juu ya meza hadi upande wa mteja.

"Basi halijafika kwangu."

Kinyozi, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alicheka. "Sajini, umekamatwa!"

Sajini alilitazama furushi la karatasi. Kisha alilikwapua, akaenda zake bila kuaga.

Siku ya tano alirudi. Alitoa nakala ya taarifa yenye mhuri, na barua fupi ya mpelelezi: shati limepigwa picha, limechunguzwa, limeruhusiwa kufuliwa. Aliviweka mezani kimoja kimoja, kama mwanafunzi anayekabidhi kazi.

Binti alisoma vyote. Alifungua daftari, akaandika tarehe, akalikunjua shati, akalitazama mbele na nyuma.

"Soma nilichoandika," alisema, "halafu utie sahihi. Na safari hii subiri wino ukauke."

Sajini alisoma. Alisubiri. Dobi alikuwa tayari ameanza kujaza beseni maji baridi.